Kijiko cha Mpimaji

Nyinyi wasichana mtakaosoma haya, na nyinyi vijana wa kiume mnaojifanya mambo ya kunyonyesha hayawahusu, kaeni chini mnisikilize. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo msitafute maneno matamu hapa. Nataka kuwaambia juu ya mwanamke mmoja wa huku kwetu, upande wa juu wa Kithimani, ambaye kwa miaka mingi alikausha matiti ya wanawake wa watu huku akisifiwa na kuandaliwa chai. Jina lake sitalitaja. Watoto wake tunakaa nao benchi moja kanisani na hawajanikosea kitu. Sisi tulimwita Mpimaji. Yeye mwenyewe aliitika, na nafikiri alilipenda hilo jina kuliko alilobatizwa nalo.

Mpimaji alikuwa na kijiko. Kijiko kikubwa cha chuma, kimefungwa kwa kitambaa cheupe, kinakaa ndani ya kiondo pamoja na kitabu cha nyimbo. Akisikia mtu amejifungua hangoji kuitwa. Anafika na mwavuli hata kama hakuna jua wala mvua, anaomba sala ndefu, anamshika mtoto kidogo, halafu anasema, "Hebu tuone." Mama wa watu anatoa titi. Mpimaji anakamua matone matatu, manne, ndani ya kijiko, anasogea mlangoni penye mwanga na kukiinamisha polepole. Maziwa yakikimbia upesi, anageuka na kuuliza nyumba nzima:

"Nani ameongeza maji hapa?"

Huo ndio ulikuwa utani wake, na watu walicheka kila mara kama ni mpya.

Aliuokota mahali. Zamani kulikuwa na kituo cha ushirika cha kupokea maziwa karibu na soko, na Mpimaji alifagia pale miaka mingi. Karani wa pale alikuwa na kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa, cha kukamata wakulima wanaoongeza maji. Ukikamatwa, maziwa yako yanamwagwa mbele ya watu na karani anauliza kwa sauti nani ameongeza maji hapa. Mpimaji aliitazama hiyo kazi akaipenda. Si ya kufagia, hiyo ya kuaibisha. Kituo kikafungwa, karani akaenda kwao, na yeye akabaki na swali la karani bila mtu wa kumwuliza. Akatugeukia sisi.

Fikirieni hilo. Mwanamke amezaa juzi, bado hawezi hata kukaa vizuri, na anaangaliwa kama mkulima mwizi.

Na hakuna aliyepita mtihani. Kama umejifungua jana na yanatoka yale maziwa ya kwanza, dang'a, mazito ya manjano, alisema ni uchafu, yamwagwe. Kama ni wiki ya pili na yametoka meupe mepesi, alisema ni maji. Mazito ni uchafu, mepesi ni maji. Sasa mtoto anyonye nini? Hilo swali halikuingia kichwa cha mtu yeyote, hata changu, kwa sababu Mpimaji aliyasema hayo akiwa amesimama wima na leso yake imepigwa pasi. Huku kwetu ukivaa leso iliyopigwa pasi unaweza kuwaambia watu jua linatoka Garissa na kurudi kulala Garissa.

Dawa yake ilikuwa moja tu: titi lipumzishwe. Siku mbili, ikiwezekana tatu, mtoto asiliguse. Maziwa, alisema, yanaiva kama ndizi, ukiyatoa kila saa yatabaki mabichi siku zote. Hizo siku mtoto apewe uji mwepesi kwa chupa, au maziwa ya mbuzi yaliyotiwa maji. Maji ya chupa hayakuwa na kosa. Yenye kosa yalikuwa yale aliyodhani ameyaona kwa kijiko.

Kinachofuata mwanamke yeyote aliyenyonyesha anakijua. Titi linajaa linakuwa jiwe, mama anashikwa na homa, halafu linalegea. Mtoto anarudishwa, anavuta, hapati kitu upesi, analia, maana ameshazoea chupa inayomwaga bila kazi. Wiki haiishi, maziwa yamekwisha. Hapo Mpimaji anarudi na mwavuli wake, anatazama titi lililolegea na kusema, "Si nilisema? Huyu hana maziwa." Na watu wanashangaa jinsi anavyojua mambo mapema. Mtu akichoma nyumba halafu aseme aliona moshi kabla ya wote, mtamwita nabii? Sisi tulimwita.

Ulimi wake haukuwa na mlango. Kuna mke wa jirani, msichana mwembamba mwenye matiti madogo, ambaye hata kijiko hakupimiwa. Mpimaji alimtazama tu, akamwambia mbele ya mama mkwe wake kwamba hayo Mungu alimpa ya kujazia nguo. Watu wakacheka tena. Msichana huyo alizaa watoto wanne, na wote wanne walikuzwa kwa chupa, kwa sababu hakuthubutu tena kutoa titi mbele ya mtu. Leo ameshakuwa mama mzima na mwanamke mwingine akinyonyesha karibu naye, yeye huinuka akaenda kuangalia kuni.

Tena kulikuwa na mambo ya chakula. Alikataza maharagwe. Alikataza muthokoi, hayo mahindi yetu ya kukobolewa, eti yanavuta maji ya mwili. Alitaka supu ya mifupa, ichemshwe tangu asubuhi. Supu ikiiva, bakuli la kwanza lilikuwa lake, aonje chumvi. La pili pia, maana chumvi hajaisikia vizuri. Mama aliyejifungua alipata la chini pamoja na maombi.

Sasa niseme na ukweli mwingine hata kama unaniudhi. Mwanamke huyu hakuwahi kumwitisha mtu malipo. Ule mwaka wa kiangazi kibaya kulikuwa na mjane aliyezaa pacha, na kila asubuhi Mpimaji alimletea maji kutoka mtoni, mtungi mgongoni, mukwa, ule mkanda wa ngozi wa kubebea, umemkata kipajini. Hakumwambia mtu. Tulijua kwa sababu mjane mwenyewe alisema. Alifua nepi za watoto ambao hawakuwa wa ukoo wake. Mtoto analia mikononi mwa kila mtu, akifika kwake ananyamaza. Kama angebaki na mtungi tu, siku akifa tungemlilia hadi sauti ziishe. Lakini akishatua mtungi, alitoa kijiko.

Na alikuwa na ng'ombe mmoja wa madoadoa ambaye hakuna aliyemshinda kwa maziwa upande wetu wote. Watu walitoka mbali kuulizia ndama. Huyo ng'ombe tutamrudia.

Mtaniuliza, na wewe susu, nyanya yetu, ulikuwa wapi wakati huo wote? Nilikuwa pale pale. Mimi ndiye niliyemchemshia chai.

Mutheu ni mtoto wa kijana wangu Kioko. Anashona suruali kwenye viwanda vya EPZ, Athi River. Alipokaribia kujifungua alikuja kwangu, kwa sababu baba ya mtoto alikuwa amezima simu na hajaiwasha hadi leo. Alizaa kijana, tukampa jina la marehemu mzee wangu, kwa hivyo mimi humwita mume wangu. Wiki mbili mume wangu alinyonya vizuri, analala, anakojoa, hakuna neno. Wiki ya tatu akaanza kulia jioni. Ananyonya, anaachia, analia, anarudi, kila saa. Leo najua kwamba mtoto akitaka kukua hufanya hivyo, anaagiza maziwa ya kesho. Siku hiyo nilisema, labda hashibi. Kwa hiyo labda moja, nikampigia Mpimaji simu.

Alikuja, akaomba, akatoa kijiko, akaenda mlangoni. "Nani ameongeza maji hapa?"

Mutheu hakucheka. Alisema kwamba sista wa kliniki alimwambia anyonyeshe tu kila mtoto akitaka.

"Huyo sista amezaa wangapi?" Mpimaji akauliza.

Mimi nikacheka. Sitaficha hilo. Mutheu alinitazama akingoja niseme kitu, na kitu nilichosema ni, "Lete mtoto." Nikamchukua kutoka kifuani kwake, nikaosha chupa.

Siku ya pili Mpimaji alipita akakamua, akasema bado hayajaiva. Siku ya tatu hivyo hivyo. Mutheu alikuwa na homa, blausi imelowa, hawezi kushusha mikono. Siku ya nne matiti yakalegea, nami mjinga nikafurahi kwamba maumivu yameisha. Mtoto naye alikuwa anaharisha. Sauti yake ya kulia ilikuwa imekuwa ndogo kama ya paka aliye nyuma ya mlango, na macho yameingia ndani kidogo. Mutheu alikuwa amekaa kitandani, mikono mitupu magotini. Akasema polepole, bila kunikosea heshima, na ndiyo maana ilinichoma:

"Susu, mkimaliza kupumzisha, mtanirudishia mtoto gani?"

Nilifunga chupa kwa mfuko wa plastiki, tukaenda kliniki.

Mizani haina heshima kwa wazee. Mume wangu alikuwa amepungua, na ule mstari wa kitabu chake cha kliniki, uliokuwa ukipanda kama mlima, ukainama. Sista alikuwa msichana mdogo mwenye nywele za rangi ya damu ya mzee, na mahali pengine ningemdharau. Alishughulikia kuharisha kwanza, akachanganya ile dawa ya maji akamnywesha kidogo kidogo. Halafu akauliza ni nani alisema mtoto atolewe kwa titi. Mutheu aliangalia sakafu. Angeweza kunitaja na hakunitaja. Nikasema, "Ni mimi."

Hakunigombeza. Alimwambia Mutheu anawe mikono akamue ndani ya kikombe. Yalitoka kidogo, mepesi, karibu ya samawati, na moyo wangu ukasema Mpimaji alisema kweli. Sista akasema aendelee. Ilichukua muda, maana yalikuwa machache. Matone ya mwisho yalitoka ya rangi ya krimu, yakang'ang'ania ukuta wa kikombe.

"Umeona, susu? Ya kwanza ni ya kiu. Ya kushibisha yanakuja nyuma. Aliyewapimia alionja chai kabla sukari haijakorogwa."

Akaendelea kusema kwamba titi halina ghala la kuivishia kitu. Linatengeneza kufuatana na yanayotoka. Yakitoka mengi linaongeza, yasipotoka linajua hakuna mtoto, linafunga kazi. Nilimuuliza kama lililofungwa linaweza kufunguliwa. Akasema kwa huyu linaweza, kwa sababu siku ni chache, lakini kazi iko, na kila siku tutakayochelewa itakuwa ngumu zaidi.

Kazi ilikuwa hii. Mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye kila baada ya saa mbili au akitaka mapema zaidi, mchana na usiku, titi hili liishe ndipo apewe la pili. Mdomo ufunguke wote, ashike ile sehemu nyeusi, si kuning'inia kwa chuchu. Akimaliza, mama akamue kidogo tena, ili titi lifikiri mtoto bado ana njaa. Chupa iondoke nyumbani. Maziwa ya kopo ya kumwongezea, mpaka ya mama yarudi, sista alitupimia yeye mwenyewe, kwa kikombe, na kila baada ya siku mbili tumrudishe kwa mizani. Mama ale chakula cha nyumba, akiwa na kiu anywe. Na asitishwe. Alisema mama aliyechoka na aliyetishwa anaweza kuwa na maziwa na yakakataa kutoka.

Basi Mutheu alikula muthokoi na maharagwe na sukuma hadi akacheka mwenyewe. Jembe nilishika mimi, jiko mimi, nguo mimi. Kazi zangu kubwa zilikuwa mbili: kufunga mdomo na kufunga lango. Siku ya tatu nikauona mwavuli unapanda njia. Nikatoka nikasimama langoni.

"Mama Kioko, nimekuja kuona kama yameiva."

Nikamwambia mtoto amelala.

"Amelala na njaa."

"Basi anaota ugali. Rudi nyumbani, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa heshima.

Alinitazama kama mtu aliyefukuzwa kanisani. Halafu akafungua mwavuli, akaenda. Nilibaki nimeshika lango hata baada ya njia kuwa tupu. Mwanamke huyo alinizalisha mtoto wangu wa mwisho kwa mikono yake, na sikuwahi kumwambia neno zito kabla ya siku hiyo.

Sista alituambia tusitazame titi, tutazame nepi. Mtoto anayepata maziwa anakojoa. Siku ya kwanza nilianika mbili. Siku ya tano nne. Siku ya tisa kulikuwa na nepi saba kwenye kamba, zote za mkojo wa siku moja, nami nilizihesabu mara tatu, nikaingia jikoni nikajifanya nakata vitunguu. Juma hilo mstari wa kitabu ukainuka, na kikombe cha kuongezea tukakirudisha kabatini.

Likizo ya Mutheu ikaisha. Wengi huachia hapo, wanasema kazi na titi havipatani. Mimi, nikiwa na umri huu, nilifunga nguo zangu nikaenda kukaa Athi River, chumba kimoja, choo cha foleni, vumbi la lori. Asubuhi Mutheu alimnyonyesha, halafu akakamua ndani ya kikombe kilichochemshwa, kikafunikwa, kikakaa ndani ya beseni ya maji baridi. Mchana nilimpa mume wangu yale maziwa kwa kikombe. Yaliyobaki chini nilimmalizia kwa kijiko, kijiko cha chai cha kawaida, na kila tone nilimkumbuka Mpimaji, na si kwa wema. Saa ya chakula nilimbeba hadi getini. Mutheu alitoka mbio, akamnyonyesha amesimama huku anatafuna chapati, wenzake wakimtania kwamba yeye ni kiwanda ndani ya kiwanda. Maziwa hayakupungua. Yalitoka kwa sababu yalikuwa yanaitwa.

Mwaka huu nilirudi nyumbani kupanda, nikaja na mume wangu. Sasa anatembea, anaiba sukari, ana mapaja kama ya askari. Nikasikia Mpimaji amefura mguu, hatoki tena. Nikaenda kumwona jioni moja. Msifikiri nilikwenda kwa huruma. Nilitaka amtazame huyo mtoto.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba, mguu juu ya kibao, leso bado imepigwa pasi. Kiondo kilikuwa ukutani nyuma yake, kimetundikwa, na ncha ya kitambaa cheupe inaonekana. Mtoto akamwendea bila kuogopa, kama watoto wote. Mpimaji akamfinya mkono, akapima uzito wa paja kwa kiganja, akaniuliza huyu alikuzwa kwa unga gani.

"Titi," nikasema. "Ukitoa zile siku za chupa na kikombe, peke yake hadi miezi sita. Na hadi leo ananyonya."

Nilifikiri sasa atasema. Nilikuwa tayari hata kumsamehe, nilikuwa nimeshika leso yangu kwa mikono miwili nikingoja.

"Unaona," akasema. "Yaliiva."

Nikakaa. Nilimuuliza kama anamkumbuka yule msichana mwembamba wa jirani na watoto wake wanne. Akasema anamkumbuka vizuri, maskini, hakuwa na maziwa. Alisema hivyo kwa huruma kabisa, machozi karibu, na hapo ndipo nilipojua kwamba hata angeishi miaka mia nyingine, huyu hatajua alichofanya. Tukanywa chai. Ilikuwa chai nzuri, nzito, ya maziwa ya yule ng'ombe wa madoadoa, au labda binti yake, maana miaka imepita.

Jua likawa linaelekea kushuka. Mke wa kijana wake akatoka nyumbani amevaa nguo za kanisa, ana haraka, mazoezi ya kwaya yameanza. Watoto wakubwa wa boma walikuwa wanataka kumfuata. Akamwambia mama mkwe wake kwa heshima kwamba leo amechelewa, ng'ombe apumzike jioni moja, atamkamua kesho asubuhi, na maziwa yatakuwa mengi zaidi.

Mpimaji aligonga kibao kwa fimbo hadi mume wangu akaja kujificha kwa leso yangu. Akainuka kwa mguu ule uliofura, akashika nguzo, akawaamuru wote:

"Hakuna mtu anatoka hii boma kabla ng'ombe hajakamuliwa. Na mumkamue mpaka tone la mwisho, hilo ndilo lenye mafuta. Mkimpumzisha jioni moja tu, kesho atatoa kidogo, na kesho kutwa atakauka."